Sura Iliyokatwa kwa Wembe

Wiki iliyopita mlinialika kwenye kikundi chenu cha wasomaji hapa Nyaishozi. Mlinipa kiti cha mbele na soda, mkasema Mama Yusta atasikiliza maoni yenu kisha aseme neno. Nilisikiliza. Wa kwanza akasema riwaya mliyoichagua haifai kwa sababu inadharau wazee. Nikamuuliza ni ukurasa gani uliomkera. Akasema hajafika huko, ila ameona watu wengi wanailalamikia mtandaoni. Wa pili akasema anakubaliana na mwenzake, naye hajaisoma. Wa tatu alikuwa amemsikiliza mtu akiisimulia kwa kifupi kwenye simu, akaona inatosha. Nilisimama, nikajifunga kitenge changu vizuri, nikaondoka. Soda nikaiacha mezani.

Nimesikia mnaniita mkali. Ni kweli. Basi leo nawaambia ukali huo nimeutoa wapi, maana sikuzaliwa nao. Niliupata kazini, katika kile chumba cha kusomea nilichokitunza mpaka nikastaafu, na sehemu yake kubwa niliipata kwa ajili ya riwaya moja.

Kwanza chumba chenyewe. Kilikuwa na madirisha mawili, meza ndefu moja, na rafu ambazo fundi alizipiga bila kuzipima, kwa hiyo vitabu virefu tulivilaza. Aliyenifundisha kazi ni Sista mmoja mzee, tulimwita Sista Remi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na ukimkosea alikuwa anazidi kuishusha mpaka unatamani angepiga kelele. Yeye ndiye aliyenionyesha kusimamisha miguu ya rafu ndani ya vikopo vyenye oili chafu ili mchwa wasipande. Alinionyesha kupika gundi ya unga wa muhogo, unakoroga polepole mpaka inang'aa kama uji wa mgonjwa, na unaitumia siku hiyo hiyo kwa sababu kesho inanuka. Kitabu kikinyeshewa usikianike juani, kitakunjamana kama jani la kabichi. Kisimamishe kivulini, kurasa zimetanuka, ukigeuze mara kwa mara, na uwe na subira. Mambo haya mnaweza kuyacheka kwa kuwa siku hizi mnasomea kwenye vioo. Lakini lipo moja alilonifundisha ambalo bado linawahusu.

Sista Remi hakupokea kitabu kwa kunyoosha mkono tu. Alimwangalia msomaji na kumuuliza, "Ulipofika wapi ulitaka kukitupa?"

Watu wapya walishtuka. Walidhani wanatuhumiwa. Lakini nilikuja kuona kwamba aliyesoma kweli hakosi jibu. Atakuambia alitaka kukitupa pale yule mama alipomwamini mume wake mara ya pili, au pale mwandishi alipoeleza mlima kurasa nzima na watu wanafukuzwa. Ambaye hakusoma anakuambia, "Ni kizuri, Sista." Na Sista anamrudishia, anamwambia, "Kakae nacho."

Nami nikaendelea na swali hilo baada yake. Ndilo lililoniingiza vitani.

Riwaya ninayoisema iliitwa *Nyundo za Mukama*. Ilikuja ndani ya boksi la msaada pamoja na vitabu vya hesabu na magazeti ya zamani, nakala moja tu, jalada limechubuka. Mwandishi hatukumjua. Picha yake nyuma ilikuwa imefutika uso mzima, na kampuni iliyoichapa tuliambiwa haipo tena. Ilikuwa hadithi ya wakati wageni walipoingia Karagwe na bunduki. Nyundo za mfalme, zile za chuma za heshima, zinafichwa zisichukuliwe, na anayezibeba ni mwanamke mmoja mhunzi aitwaye Nyamwiza. Anazihamisha usiku, mlima hadi mlima, askari wakiwa nyuma yake na kapteni wao ambaye hachoki. Kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kulala.

Nimefanya kazi ile miaka mingi, na sijawahi kuona kitabu kikigombewa namna ile. Watu walikuja kutoka Kihanga kuulizia zamu. Wapo waliokuwa wanasoma Kiswahili kwa shida, nyumbani ni Kinyambo tu, wakakaa wawili wawili kwenye ile meza, mmoja anasoma, mwingine anatafsiri kwa sauti ya chini. Mama mmoja aliniambia maharage yake yameungua mara mbili kwa sababu ya Nyamwiza, na mume wake ameuliza Nyamwiza ni nani.

Na maoni yao yalikuwa ya watu waliosoma. Alikuwepo Bwana Mutashobya, Mhaya wa Muleba, mnunuzi wa kahawa, mtu wa mabishano. Yeye alirudisha kitabu akaniambia, "Nilitaka kukitupa pale anapovuka mto na vyuma mgongoni. Mama Yusta, chuma kile na maji yale? Mwandishi huyu hajawahi kubeba hata gunia la buni." Aliyefuata akamjibu kwa penseli pembeni mwa ukurasa huo huo: *Wewe umezoea kubebewa.* Mwingine naye akaandika chini yake. Nilikuwa nakaa jioni na kifutio nafuta matusi pembeni mwa kurasa, nafuta na huku nacheka. Katekista Leonsi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya chumba chetu, alisema kuna mizimu mno, lakini alikiazima mara mbili.

Sasa ndani ya riwaya ile alikuwemo mtu aliyeitwa Kajura. Ni mfua chuma wa upande wa Ihembe, ana kovu shavuni, na ndiye anayewaonyesha askari njia aliyopita Nyamwiza. Na Ihembe kulikuwa na ukoo uliokuwa na babu mwenye kovu, ambaye wazee walisema kwamba wakati wa wageni aliwaongoza askari. Mimi sikuwepo wakati huo, wala ninyi, wala yeyote aliyekuwa anaongea. Lakini maneno yakaanza. Yakaanzia kwa wasomaji, yakafika kwa wasiosoma, na huko ndiko yalikonona. Kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, jioni watu ambao hawajawahi hata kuliona jalada walikuwa wanakuambia Kajura alilipwa nini, alicheka vipi, alikunywa na nani. Shuleni watoto wakampa mjukuu wa ukoo ule jina la Kajura.

Mjukuu huyo alikuwa wa Mzee Felisiani.

Mzee Felisiani mlimsikia, wengine mlimwona. Alikuwa mtu mkubwa kwetu. Kibanja chake kilikuwa mfano, migomba imesimama kama imepangwa kwa kamba, na alipoongea kanisani watu waliacha kukohoa. Mabati ya chumba chetu, nusu aliyatoa yeye. Sikuwahi kumwona akiazima kitabu. Siku moja asubuhi akaingia, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba," akaomba *Nyundo za Mukama*. Zamu ilikuwa ya Mama Koku, muuza ndizi wa pale sokoni, aliyekuwa amesubiri tangu msimu wa kupanda maharage. Mzee akasema atakikalia siku chache tu. Kwa heshima yake nikampa, nikamwambia Mama Koku avumilie.

Alikirudisha mapema kuliko alivyoahidi. Nikamuuliza swali langu kama nilivyomuuliza kila mtu. "Mzee, ulipofika wapi ulitaka kukitupa?"

"Sikutaka kukitupa," akasema. "Nimekirekebisha."

Nikakifungua. Katikati kulikuwa na pengo. Sura nzima imekatwa, kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kazi safi ya mtu mwenye mkono mtulivu. Ilikuwa sura ya Kajura na askari.

Nikauliza kitu cha kijinga. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Na kama kuna nyingine inayomtaja mzee wangu, niambie niikate nayo."

"Mzee, hiki si chako."

"Na jina la babu yangu si lako, wala si la huyo mwandishi. Mjukuu wangu amerudi nyumbani analia. Ungependa nifanye nini, waitu?"

Nikamwambia, "Uje hapa uniambie. Uandike jibu. Uwaite watu uwaambie mwandishi amekosea. Lakini wembe, mzee?"

Akavaa kofia yake. "Bati lililo juu ya kichwa chako nililinunua mimi," akasema, akatoka.

Vijana, nilikasirika. Nilikaa kwenye kiti nikashika meza. Hasira ya namna ile nilikuwa sijawahi kuionja. Na mjukuu wake nilimhurumia, msidhani sikumhurumia. Watoto wanaweza kuwa wakatili sana. Lakini kuna watu waliokuwa wamekingoja kitabu kile kwa zamu, kwa adabu, na mtu mmoja amewaamulia wote wasome nini.

Nilikwenda kwa Katekista Leonsi siku hiyo hiyo, na kitabu kwenye mkoba. Akakipapasa pale palipokatwa, akapumua.

"Yusta, haya mambo tuyaache yaishe."

"Yaishe vipi? Sura haipo."

"Yule ni mzee wetu. Ametufaa. Na kusema kweli, kitabu chenyewe kimeleta maneno. Kiondoe kwenye rafu, kiweke kabatini, baada ya muda watu watasahau."

"Wewe ulikisoma mara mbili."

"Nilikisoma kwa sababu ya kazi," akasema, na hakunitazama.

Hapo ndipo nilipokasirika mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo iliyobaki. Mwenye wembe angalau alikuja mchana, akasema ni mimi. Huyu alikuwa anajua kilichomo ndani, alikipenda, na alikuwa tayari kukifungia kabatini ili asigombane na mtu. Kamati nzima ikawa hivyo. Mmoja mmoja waliniambia nina haki, na wote pamoja wakaamua kitabu kiondolewe. Nikawaambia sikiondoi. Wakasema watalizungumza tena. Nikawaambia walizungumze mpaka wachoke.

Nikampa Mama Koku zamu yake, kitabu kikiwa na lile pengo. Sikumwambia kitu. Nilitaka mtu mwingine aone nilichokiona.

Alirudi siku ya soko, watu wamejaa, ndizi zake amemwachia jirani, akaingia bila kuamkia. Mama Koku alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, lakini siku ile hakuwa na utani.

"Mama Yusta, nimesubiri tangu kupanda hadi kuvuna. Nafika pale askari wanapanda mlima wa Ihembe, nafungua ukurasa, nakuta Nyamwiza yuko mtoni anavuja damu na wenzake wanamlaani Kajura. Amefanya nini huyo Kajura? Wamempataje? Unanipa kitabu chenye shimo?"

"Ameikata Mzee Felisiani."

Akakilaza kitabu mezani. Kisha akasema, "Basi waite waliosoma. Watanisimulia. Na yeye aje asikie."

Ndivyo mkutano ule ulivyozaliwa. Hakukuwa na barua wala tangazo. Siku ya soko iliyofuata nikafungua milango yote miwili, Mama Koku akapita akiwaambia watu, na chumba kikajaa hadi wengine wakasimama nje kwenye dirisha. Katekista Leonsi alikuja, akakaa karibu na mlango. Bwana Mutashobya akaacha mizani yake akaja. Mzee Felisiani naye akaja, na fimbo yake. Nadhani alikuja kuhakikisha kitabu kinahukumiwa. Watu wakampisha kiti cha mbele.

Mama Koku akasimama, akasema anachotaka ni kimoja, kuambiwa kilichokuwa kwenye sura iliyokatwa. Mimi nilikisoma mara moja tu, kilipofika, na sikutaka kuitegemea kumbukumbu yangu peke yake.

Wa kwanza kusema alikuwa fundi baiskeli mmoja, akadai Kajura alipewa nguo nyekundu na kapteni, akaivaa pale pale. Nikamuuliza alikiazima lini, maana sikumbuki. Akasema yeye alisimuliwa. Nikamwambia akae. Wa pili akasema alipewa bunduki. Naye alisimuliwa. Nikamkalisha. Katekista nikamwita kwa jina, nikamwambia, "Wewe ulisoma." Akasimama polepole, akasema anavyokumbuka ni kwamba Kajura alikuwa na kinyongo na Nyamwiza kwa sababu ya mambo ya kiwandani kwao, mambo ya kufua chuma, akamlipizia.

"Hiyo ilikuwa sura ya nyuma," Bwana Mutashobya akamkatiza. "Kinyongo waliisha kukimaliza. Hapa walimpiga. Walimpiga kwa kitako cha bunduki."

"Hawakumpiga."

"Walimpiga, Katekista. Nilisoma nikiwa nimelala chini ya lori langu, nakumbuka mpaka mahali nilipokuwa."

Wakabishana. Mwanamke mwingine aliyesoma akasema wote wawili wamekosea, lakini yeye mwenyewe hakukumbuka jinsi ilivyokuwa, alikumbuka tu kwamba alilia. Kelele zikapanda. Nje kwenye dirisha mtu akapaza sauti kwamba msaliti ni msaliti tu, haijalishi alipigwa au alivishwa, na watu kadhaa wakacheka.

Mzee Felisiani akapiga fimbo sakafuni.

"Mnasema uongo," akasema. "Hakupewa nguo. Hakupewa bunduki. Hakupigwa."

Waliokuwa dirishani wakaacha kucheka.

"Walikuwa wamemshika mtoto wake," akasema. "Binti. Kapteni alimketisha kwenye jiwe, akampa asali aile, akawa anamchezea nywele. Hakumtishia mtu. Alimwuliza Kajura, huyu ana umri gani? Kajura akamwambia. Akamwuliza, anapenda asali siku zote? Akasema ndiyo. Askari mwingine alikuwa nyuma ya mtoto na kamba mkononi. Kajura akaangalia ile kamba. Akainua kidole, akaonyesha njia ya mtoni. Halafu akakaa chini. Hakukimbia, alikaa chini, akasema jina la Nyamwiza, akamwomba radhi mtu ambaye hayupo."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayekisia. Alikuwa anasoma bila karatasi.

Mama Koku ndiye aliyeuliza, kwa upole kuliko nilivyotegemea. "Baba, wewe umeyajuaje hayo?"

Mzee akatazama fimbo yake. "Nilipoikata sikuwa nimeisoma," akasema. "Waliniambia ni sura ipi. Mtu alinionyesha inapoanzia na inapoishia, nikakata. Nimeisoma nyumbani."

Vijana wangu, nilikiona kitu chote kwa mara moja. Mahali pekee katika kitabu kile ambapo babu yake alipewa haki yake kama binadamu, mahali ambapo msomaji angemlilia, ndipo alipokata. Alizobakiza ni zile sura ambazo watu wanamlaani tu. Aliyesoma baada ya wembe wake alipata msaliti mtupu. Yule mtoto wa shule aliyekuwa anaitwa Kajura, babu yake mwenyewe ndiye aliyemnyima utetezi.

Nikamwambia hivyo. Nilimwambia mbele za watu, na sikuchagua maneno. Nikamwambia ulimsikiliza mtu wa pembeni ukaacha kumsikiliza aliyeandika. Nikamwambia aliyemtukana babu yako ni wewe. Katekista alisimama akasema, "Yusta, yule ni mzee." Nikamwambia naye akae, alikisoma mara mbili na bado akataka kukifungia kabatini.

"Zirudishe," nikamwambia Mzee Felisiani. "Leo. Nitazishona mwenyewe."

"Hazipo."

"Ziko wapi?"

"Nilikaa nazo kwenye koti. Nilikuwa nazisoma shambani. Niliposikia unawaita watu nikaogopa kukutwa nazo. Nilizichoma."

Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya chumba kwenye kahawa za jirani, nikalia kwa hasira. Nilikuwa nimeshamsamehe ule wembe nusu, hapo hapo, alipokuwa anasimulia. Kuzichoma baada ya kuzielewa, hapana. Zilikuwa za mwisho. Hakukuwa na pa kuomba nakala nyingine, nilishauliza Bukoba, niliuliza mpaka kwa watu walio Mwanza. Mtu aliyeketi mahali fulani akatafuta neno moja moja mpaka akapata asali na kamba, kazi yake iliishia jikoni Ihembe kwa sababu mtu mwingine aliona aibu.

Aliyenifuata ni Mama Koku. Akanipa kitenge chake nijifute. "Anaikumbuka," akasema. "Kabla hajazeeka zaidi, mkalishe aseme."

Sikutaka. Nilimwambia maneno ya mkataji si maneno ya mwandishi. Akasema, "Sawa. Lakini mimi shimo silitaki."

Basi tukafanya hivyo. Mzee Felisiani alikataa kwanza, akasema watu watamcheka. Mke wake, Mama Anastazia, ndiye aliyemleta, akakaa naye kwenye meza ndefu, mimi nikiwa na taipureta ambayo herufi moja ilikuwa inaruka. Alisema, nikapiga. Nikawaita na wale waliosoma wasikilize, Mutashobya na Katekista na yule mwanamke aliyelia. Ilikuwa kazi ya kugombana tangu mwanzo. Mzee akisema Kajura alilia machozi mpaka yakalowesha kifua, Mutashobya anasema, "Hakulia. Mwandishi hakumliza." Anafikiri, anasema, "Kweli. Hakumliza. Aliyemliza ni mimi." Nafuta. Akisema kidole kilitetemeka, yule mwanamke anasema hakuna kutetemeka, kilinyooka, ndiyo sababu yeye alilia. Mzee alitaka kitetemeke. Mwishowe akaniambia, "Andika kilinyooka."

Mutashobya naye alikubali kwamba hakukuwa na kitako cha bunduki. Alisema labda kilikuwa cha kitabu kingine.

Nilizishona kurasa zile kwa uzi na gundi ya muhogo. Juu yake niliandika wazi kwamba sura hii imesimuliwa na wasomaji. Kamati haikulizungumza tena suala la kabati. Mwalimu wa shule akaisomea darasa sura ile, na jina la Kajura halikufutika kwa yule mtoto, watoto waliendelea kumwita, ila lilikuwa limepoa, akawa analiitikia.

Msinielewe vibaya. Mpaka leo nikiishika sura ile nakasirika. Wasomaji waliokuja baadaye walinirudishia kitabu wakisema hiyo ndiyo sura bora, wakamsifu mwandishi, na mimi siwezi kuwaambia ni sentensi ipi iliyo yake. Labda asali ni yake. Labda kamba. Labda kile kidole alikiandika kwa namna ambayo sisi wote watano hatukuweza kuikumbuka kwa kuwa ilikuwa nzuri kutuzidi. Hiyo ndiyo hasara, na hakuna gundi yake.

Mzee Felisiani alifariki nikiwa nimeshastaafu. Mvua ilinyesha asubuhi ya mazishi na watu wa Ihembe walijaa mpaka ndani ya migomba. Mtoto wake mkubwa alinifuata, akaniomba baada ya sala niisome ile sura, kwani marehemu aliagiza. Kitabu walikuwa wameshakiazima. Akanisogeza pembeni.

"Mama Yusta, tunakuomba kitu kimoja. Pale pa kidole, uparuke. Kuna wageni, kuna wakwe. Soma mpaka kwenye asali, halafu nenda moja kwa moja anapoomba radhi."

Nilimtazama. Mtu mzima, amevaa suti, baba yake yuko ndani ya jeneza, naye ana wembe mdomoni. Nilimwambia nitasoma kilichoandikwa, au amtafute mwingine.

Nikasoma. Nilipofika kwenye kamba sikuinua macho. Nikasoma kwamba Kajura aliinua kidole, na kwamba kilinyooka, na njia aliyoionyesha ilikuwa ya mtoni. Nilisikia mtu akivuta pumzi upande wa wakwe. Nikaendelea mpaka mwisho, nikafunga kitabu, nikawa tayari kwa lolote. Mtoto wake alikuwa ameinamisha kichwa.

Mama Anastazia alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Alininyooshea mkono nikainama kwake, nikidhani ananilaumu.

"Umeisoma vizuri," akasema. "Hata yeye, akiwasimulia wajukuu, hapo hakuwahi kuparuka."